UZI: Mapambo ya majambia na hanjari za kale za Kihindi, jinsi ya kuyasoma usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia

#1 MzeeWaAla

Wakuu kwema? Nimeona nianzishe huu uzi manake haipiti wiki sijatumiwa picha wasap, kisu kina kichwa cha farasi, mpini wa kijani, ala ya mahameli nyekundu, na maelezo ni yale yale, "Mughal original, miaka 400, ya ukoo wa kifalme". Aisee kama vyote hivyo ni vya kifalme basi India ya zamani ilikuwa na wafalme watupu, hakuna hata mkulima mmoja.

Kwanza tuelewane majina. Katari ni ile inayoshikwa kwa ngumi, mpini wake kama herufi H, ukichoma unachoma kama unarusha ngumi, asili yake kusini enzi za Vijayanagara (dola ya kale ya kusini mwa India) halafu ikapanda juu hadi kwa Warajputi (koo za wapiganaji wa Rajasthan) na Wamughal (wafalme Waislamu waliotawala India). Hanjari ya Kimughal imepinda kidogo na mara nyingi mpini wake ni jiwe. Chilanamu ni ya Dekani (nyanda za juu za kati na kusini mwa India), chuma juu hadi chini, bapa limepinda mara mbili na kichwa cha mpini kimechanua pande mbili. Peshkabzi ina mgongo mnene kabisa, kazi yake kupenya deraya ya pete za chuma. Bichuwa ni kadogo, kamepinda kama mkia wa nge. Na ndugu zangu wa Unguja na Maskati, msichanganye hizi na jambia ya Kiomani ya kiunoni, ile ina njia yake na leo siigusi.

Sasa hoja yangu. Watu wengi wakishika kisu wanakimbilia picha, huyu simba, huyu tausi, hili ua, wanaanza kutafsiri hapo hapo, simba ni ufalme tausi ni urembo, hadithi inanoga na bei inapanda. Mie nasema picha iwe ya mwisho. Anza na namna pambo lilivyoshikana na chuma, manake mnyama yeyote anaweza kuchongwa na mtu yeyote mwaka wowote, ila namna dhahabu ilivyokaa haidanganyi kirahisi. Na usome bapa peke yake, mpini peke yake, ala peke yake. Ni kawaida kabisa bapa kuwa la miaka ya 1600, mpini umebadilishwa miaka ya 1800, na ala imevikwa kitambaa juzi.

Dhahabu ndo penye utamu. Ile inayoonekana sana ni koftgari: fundi anakwaruza uso wa chuma mikwaruzo midogo inayokatizana, mingi mno, mpaka chuma kinakuwa kama msasa, halafu analaza uzi mwembamba wa dhahabu na kuugonga taratibu, chuma kinaung'ata, kisha anasugua kwa akiki mpaka ulale. Kisu kikitumika miaka, dhahabu inatoka mahali mahali na mikwaruzo inabaki wazi, chukua lenzi utaiona. Ya pili ni tehnishani, hapa fundi anachimba mfereji kabisa na dhahabu inazama ndani, inakula dhahabu nyingi na muda mwingi kwahiyo ni kazi ya mtu mwenye uwezo. Ya tatu dhahabu inachanganywa na zebaki, inapakwa, inachomwa moto zebaki inaruka dhahabu inabaki (sumu hiyo, mafundi waliumia sana). Sasa ukikuta dhahabu imeingia hadi kwenye vishimo vya kutu, imepita JUU ya kutu, jiulize mwenyewe kipi kilitangulia.

Ntaendelea, ngoja nipate chai.

#2 Mtega_Nondo

Nimeweka kambi hapa, mkuu shusha nondo taratibu tunasoma.

#3 BintiMkunazini

Asalam aleikum. Mzee umenigusa maana mjomba alirudi na kimoja kutoka Jaipur, mpini wa kijani kichwa cha farasi macho mekundu, bapa lina michirizi michirizi. Aliambiwa farasi maana yake mwenyewe alikuwa kamanda wa wapanda farasi. Kuna ukweli?

#4 MzeeWaAla

Waaleikum salaam binti. Hiyo ya kamanda ni hadithi ya muuzaji, sijawahi kuona popote kwamba kichwa cha mnyama kilikuwa cheo cha kikosi.

Ila vichwa vya wanyama vilikuwa na heshima yake. Kuna kitabu kilichochorwa kwa ajili ya Shah Jahan (mfalme wa Kimughal, alitawala 1628 hadi 1658) kinaitwa Padshahnama, kipo Windsor kule Uingereza. Kile kimejaa picha za baraza la mfalme, wakubwa wamepangwa mistari na kila mmoja ana hanjari kiunoni, na ukikagua utaona wenye mpini wa kichwa cha mnyama ni wachache mno, na zaidi ni wana wa mfalme. Kwahiyo kwa wakati ule ilikuwa kitu cha ndani sana. Baadae, miaka ya 1700 na kuendelea, ndo vikawa vingi, farasi, kondoo dume, simba, ngamia. Kizuri kuliko vyote kwa macho yangu ni cha nilgai, yule swala mkubwa wa India, kipo makumbusho ya Metropolitan New York, kinawekwa kwenye miaka ya 1640 hivi. Angalia masikio yake na shingo, yule fundi alimjua mnyama, hakunakili farasi wa mchongaji mwingine.

Na hapo ndo tofauti ilipo. Mnyama wa zamani ana misuli, pua ina uhai, nywele za shingo zinalala kwa mpangilio. Mpya ana uso wa mdoli.

Kuhusu kijani: jedi ya kweli ililetwa kutoka Khotan (mji wa Asia ya Kati), ni ngumu kuliko kisu cha kawaida, chuma hakiikwaruzi. Nyingi zinazouzwa siku hizi ni jiwe laini la kijani linalofanana nayo, au plastiki ngumu iliyotiwa rangi. Plastiki ukiishika mkononi haina ule ubaridi.

Tena kuna jambo watu hawalizingatii. India ina sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1972, kitu cha zaidi ya miaka 100 mtu binafsi haruhusiwi kukitoa nje ya nchi. Sasa muuzaji anakwambia kisu cha miaka 400 na anakutumia kwa kurier wiki ijayo na risiti juu. Ama anavunja sheria ama si cha miaka 400. Chagua mwenyewe. Na mpini wa pembe ya ndovu ndo usiguse kabisa, utaongea na watu wa uwanja wa ndege.

#5 SonaraKariakoo

Mzee hapo kwenye vito niongezee kidogo ni kazi yangu. Wahindi wana njia inaitwa kundani, vito vinashikwa bila kucha za dhahabu na bila kulehemu. Dhahabu inasafishwa mpaka inakaribia safi kabisa, inapigwa inakuwa nyembamba na laini, unaishindilia pembeni ya kito kwa kijichuma, tabaka juu ya tabaka, inagandana yenyewe bila moto. Ndo maana waliweza kupachika yakuti na zumaridi kwenye jiwe kama jedi, jiwe ungelipasha moto lingepasuka.

Sasa cha kuangalia ni vito vyenyewe. Vya zamani havilingani, kimoja kirefu kingine kama yai, fundi anatengeneza nyumba kulingana na kito alichonacho. Juu vimepigwa duara laini au bapa, chini kuna karatasi ya fedha ya kurudisha mwanga. Ukiona vito 20 vyote saizi moja, vimekatwa pembe pembe kwa mashine, hata usiulize. Na gundi! Gundi ikibadilika njano pembeni ya kito mie nacheka tu.

#6 MzeeWaAla

Umemaliza sonara. Zumaridi za wakati ule nyingi zilitoka Kolombia, Wareno wakizishusha Goa, watu wanasahau kwamba kisu kimoja cha mfalme kilikusanya dunia nzima.

Sasa maua, na hapa naomba uvumilivu manake kwangu mie ua linaongea kuliko simba. Mwaka 1620 Jahangir, baba yake Shah Jahan, alikwenda Kashmir majira ya maua, akachanganyikiwa kabisa, ameandika mwenyewe kwenye kumbukumbu zake kwamba mchoraji wake Mansur alichora maua zaidi ya 100. Wakati huo huo vitabu vya mimea vya Ulaya vilishafika barazani, michoro ya mmea mzima, shina, majani, ua moja wazi na jingine bado chipukizi. Vikaungana. Kwahiyo kuanzia hapo na miaka yote ya Shah Jahan unapata mmea mmoja umesimama peke yake, yungiyungi au airisi au mpopi, jani moja limejikunja kidogo, na pembeni pote pametulia hakuna kitu. Hiyo nafasi tupu ndo alama yenyewe. Fundi alikuwa anajiamini, na tajiri wake pia hakuona haja ya kujaza.

Ukienda enzi za Aurangzeb, mwana wa Shah Jahan (1658 hadi 1707), na warithi wake, maua yanapungua ukubwa, yanapangwa kwa safu, yanajirudia, shina linakuwa jembamba. Ukifika miaka ya 1800 kule Punjab, Sialkot na Gujrat (ile ya Punjab, sio jimbo), koftgari inajaza kila kona, vijiua vidogo na mitambaazi mpaka jicho linachoka, mana soko lilikuwa maofisa wa Kiingereza na maonesho kama lile kubwa la London la 1851. Sio kwamba ni mbaya, nyingine ni kazi safi sana, ila usiniambie ni ya Shah Jahan. Yule mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza alipozuru India 1875 na 1876 alirudi na silaha lundo, zawadi za maharaja, na humo mna mapanga na visu ambavyo bapa ni la zamani ila dhahabu ilipigwa upya ili zing'ae mbele ya mgeni.

#7 Mchokonozi

Mkuu samahani naona unapunguza maana. Yaani watu walikaa wanachonga simba anakula swala bila sababu? Makumbusho zenyewe zinaandika ni alama ya ushindi. Kwahiyo wao waongo wewe mkweli?

#8 MzeeWaAla

Hapana mkuu, soma vizuri, sijasema picha haina maana, nimesema ije mwisho. Ukishajua kisu ni cha wapi na cha lini ndo picha inafunguka. Mfano, ipo hanjari ya Dekani pale Metropolitan, ya Bijapur au Golkonda, nusu ya pili ya miaka ya 1500, mpini wa shaba iliyotiwa dhahabu na yakuti. Joka limejiviringisha kwenye mpini linamvamia simba, simba nae kamkamata swala. Hapo naungana na makumbusho, ni lugha ya nguvu na ushindi, masultani wa Dekani waliipenda hiyo lugha na mahekalu ya jirani zao yalishaizungumza.

Ila simba huyo huyo umkute kwenye bapa la katari ya Rajasthan ya miaka ya 1700 au 1800, anakimbizana na ndovu na nguruwe pori na mtu ana mkuki, hapo ni mawindo bwana. Warajputi walikuwa na wazimu wa kuwinda. Ukianza kumwambia mtu ni wema kushinda uovu unampotosha. Simba mmoja, maana mbili, na kilichokutofautishia ni ufundi na mahali.

Jua lenye uso wa mtu na masharubu, mwelekeo wako wa kwanza uwe Mewar, Udaipur (kule Rajasthan), wale watawala wanajihesabu kizazi cha jua. Samaki wawili, fikiria Lucknow, na kama kuna mina ya buluu na kijani juu ya fedha basi umekaribia sana (mina ni ile rangi ya kioo inayochomwa juu ya chuma). Mina nyekundu na nyeupe na kijani juu ya dhahabu, Jaipur. Michirizi ya chui milia, kila mtu atakwambia Tipu Sultan (mtawala wa Mysore, kusini), na kweli Tipu aliipiga michirizi hiyo kwenye kila kitu, bunduki, nguo za askari, kiti cha enzi. Ndo maana waongo wanaipenda. Tangu afe Srirangapatna, mji wake mkuu, 1799 vitu "vya Tipu" vinazaliana tu.

#9 Mtoto_wa_Kutch

Nimefurahi kukuta uzi huu, babu zetu walitoka Mandvi (bandari ya Kutch, Gujarat) wakaja Zanzibar. Niongeze ya kusini maana mzee kayapita haraka. Kwenye katari za Thanjavur utaona kiumbe kina mwili wa simba na mara nyingine mkonga, huyo ni yali, ndo yule yule aliyesimama kwenye nguzo za mahekalu ya Tamil Nadu. Mkimuona na ngao ya chuma kilichotobolewa kama lesi inafunika mgongo wa mkono, ni ya huko, miaka ya 1500 hadi 1600 na kitu. Cha ajabu bapa la katari hizo mara nyingi ni la Ulaya, limekatwa kutoka upanga wa Mzungu likafungwa kwa ribiti. Nyingi zilizokuwa ghala la silaha la Thanjavur zipo makumbusho ya serikali Chennai. Ndege mwenye vichwa viwili ameshika ndovu huyo ni gandabherunda, alama ya Vijayanagara halafu Mysore.

Na kwetu Kutch kuna bhuj, bapa fupi nene kwenye fimbo ndefu, nusu shoka nusu kisu, pale shingoni huwa na kichwa cha ndovu na mara nyingi ukifungua kitako cha fimbo unachomoa kijisu kembamba. Hapo ndovu ni kama mhuri wa kiwanda. Mtu wa Kutch akiona ndovu pale hashtuki kabisa.

#10 MzeeWaAla

@Mtoto_wa_Kutch shukrani sana, na hilo la mhuri ni muhimu. @Mchokonozi umeona? Kuna mnyama yupo pale kwasababu baba wa fundi alimweka pale.

#11 Ustadh_Makadara

Mimi nimesoma maandishi kwa picha kadhaa nilizoletewa hapa Mombasa. Kinachorudi sana ni "Nasrun mina Llahi wa fat-hun qarib", Suratu Saff aya ya 13, inaandikwa kwenye mabapa toka Uturuki mpaka Dekani. Kwa Mashia utapata Nadi Ali (dua ya kumwita Ali). Kuna pia kisanduku kidogo cha vyumba vinne chenye tarakimu 2, 4, 6, 8 kwa Kiarabu. Hiyo si tarehe wala namba ya ghala jamani! Ni herufi ba, dal, waw, ha, kwa hesabu ya abjadi (kila herufi ina namba yake), neno buduh, ni talasimu ya kulinda kitu kisipotee na mwenyewe asidhurike. Wazee wa pwani wanaijua vizuri tu.

Dalili mbaya ni maandishi yanayofanana na Kiarabu lakini hayasomeki, nukta zimewekwa kwa kubahatisha. Zamani pia walikuwepo mafundi wasiojua kusoma kwahiyo peke yake si ushahidi, lakini upanga wa mfalme hauandikwi hivyo.

#12 MzeeWaAla

Ustadh umetusaidia wengi. Niongeze tarehe. Mwaka ukiwa kwa tarakimu za Kidevanagari (mwandiko wa Kihindi) mara nyingi ni Samvat (kalenda ya Kihindu), toa 57 upate mwaka wa kizungu. Nimeona mtu anauza kisu "cha vita vya 1857" (maasi ya Wahindi dhidi ya Waingereza) eti mwaka umeandikwa, 1857 ya Samvat ni 1800 bwana, vita vyenyewe bado. Mwaka wa Hijria nao usiusome kama wa kizungu, 1100 ni 1688 kuingia 1689.

Halafu zipo alama za nukta nukta zilizogongwa kwenye mpini au bapa, Kidevanagari kibaya kibaya hakina urembo wowote, wengi wanazifuta wakidhani ni uchafu. Msifute! Hizo ni kumbukumbu za ghala la silaha la Bikaner, Rajasthan. Maharaja wake Anup Singh alikuwa jemadari upande wa Mughal kule Dekani, ngome ya Adoni ilipoanguka 1689 silaha zikabebwa hadi Rajasthan na kuandikwa. Kwahiyo kisu cha Dekani cha Muislamu kina maandishi ya Kihindu, na ukiambiwa "haiwezekani, mapambo yanagongana", jibu ni kwamba kilitekwa. Nukta zile mbaya zina thamani kuliko dhahabu yote iliyobaki.

Alama ya mwavuli mdogo wa dhahabu kwenye bapa ni ya kifalme kweli, Shah Jahan alikuwa nayo, hanjari yake yenye jina na vyeo vyake na mwavuli iliuzwa mnadani London 2008 kwa zaidi ya pauni milioni moja na nusu. Tangu hapo miavuli imekuwa mingi kuliko mvua.

Na sio kila cha mfalme kimejaa vito. Mwaka 1621 kimondo kilianguka Jalandhar, Jahangir akaagiza chuma chake kichimbwe, mhunzi Ustadi Daud akakichanganya na chuma cha kawaida, tatu kwa moja, akafua panga mbili, hanjari na kisu. Hicho kisu kipo Washington, kina maandishi na nakshi chache tu za dhahabu. Chuma chenyewe ndo pambo.

#13 Mtega_Nondo

Aiseee chuma cha mbinguni. Mzee na ile michirizi ya bapa aliyosema binti pale juu? Mie nlijua michirizi ndo original.

#14 MzeeWaAla

Michirizi ipo ya aina mbili. Chuma cha wutsi cha kusini mwa India kinayeyushwa ndani ya chungu kilichozibwa, kinapoa pole pole, halafu kinafuliwa kwa moto mdogo, michirizi inatokea ndani ya chuma chenyewe, midogo, imevurugika, ukigeuza bapa kwenye mwanga inatembea. Ya pili ni vyuma viwili tofauti vimekunjwa na kupigwa pamoja, inakuwa mistari mipana inayoonekana toka mlangoni, kama punda milia. Hii ya pili nayo ilikuwepo zamani, lakini kisu kipya cha dukani karibu chote ni cha aina hii kwasababu ni rahisi na kinapigwa vizuri picha.

#15 BintiMkunazini

Nimekitoa kabatini sasa hivi. Mistari mipana. Macho ya farasi yanalingana kabisa na kuna vito vingine shingoni vyote sawa sawa. Bapa pale karibu na mpini kuna ua la dhahabu, nimeangalia kwa lenzi ya simu sioni mikwaruzo yoyote chini yake, na kuna vitobo vyeusi ndani yake dhahabu.

#16 MzeeWaAla

Kipya hicho binti, Rajasthan, mwambie mjomba taratibu akiwa ameshakula. Ila uso wa farasi ukoje? Kama pua na masikio yamechongwa vizuri basi ni fundi mzuri wa leo, kule Udaipur na Jaipur bado wapo wanaojua kazi, kiwekeni ukutani kwa raha zenu.

@Mtoto_wa_Kutch wewe bhuj yako nataka kuiona. Usinitumie kichwa cha ndovu, nitumie mgongo wa bapa, ribiti kwa karibu, na fedha ya shingoni kwa ubavu mwanga ukitoka dirishani, bila flashi.

#17 Mtoto_wa_Kutch

Ntapiga kesho asubuhi mzee. Kitako kimekwama sijawahi kukifungua, nikilazimishe?

#18 MzeeWaAla

USILAZIMISHE. Tone la mafuta ya cherehani, kiache kilale, kesho kutwa ujaribu kwa mkono mtupu bila koleo.